Mtoto anayechagua chakula: wazazi wa Lamu na Malindi, tupeane uzoefu

MamaWaLangoni
Asalaam aleikum wazazi wenzangu. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na kitu. Alipoanzishwa chakula akiwa na miezi sita alikuwa hakatai: uji wa wimbi, ndizi ya kuponda, hata mchicha wa nazi. Alipopita mwaka na nusu akafunga mdomo. Sasa ni chapati kavu, chai ya maziwa na kachri za muhogo, basi. Wali ukiguswa na mchuzi hautaki tena. Samaki hataki hata harufu yake, na sisi hapa Amu samaki ndiye kitoweo cha kila siku, nitampikia nini kingine?

Mavyaa aniambia nimlaze mapajani nimlishe kwa nguvu. Mume wangu asema nimwache. Jirani naye, mtoto akilia tu, ampa mabuyu anyamaze. Naomba mnieleze yaliyotokea nyumbani kwenu hasa, si ya kusikia. Nani alikuwa na mtoto wa namna hii, na alifanyaje?

BintiMkomani
Waaleikum salaam dadangu. Mimi wangu wa pili alikuwa vivyo hivyo, na kilichomtoa ni sinia.

Nilikuwa namlisha peke yake, mapema, kabla ya wakubwa, ili nikae kwa raha nikila. Kumbe pale ndipo palipokuwa na tabu. Mtoto yuko juu ya mkeka, mimi mbele yake na kijiko, macho yote kwake. Mamangu alipokuja kukaa nasi akasema, "Mwana akiwa na ndaa atakula mwenyewe, mtie siniani." Tukamtia. Yeye, kakake na binamu zake, kila mmoja na upande wake wa wali. Mbele yake nikawa naweka kipande cha nguru wa kupaka, kidogo kama ukucha, kando ya wali mweupe, nisiseme neno. Nimechagua nguru kwa sababu miiba yake ni mikubwa, waiona ukiitoa. Changu na tasi wana vijiba vidogo vya kumtisha mtoto, na akichomwa mara moja hatasahau.

Siku za mwanzo alikisukuma. Halafu akawa akikishika na kukiangalia, akikirudisha. Kisha akawa analamba ile rojo ya nazi kwenye kidole na kuuacha mnofu. Nami nikitamani kusema "haya, tia mdomoni!", lakini mama alikuwa akinikanya kwa macho. Ilichukua wiki nyingi, usidhani ni jambo la siku mbili. Jioni moja binamu yake alichukua kile kipande akakila, na yeye akalia anataka chake. Tangu siku hiyo samaki anakula. Bamia mpaka leo hataki, nami simsumbui.

NesiMstaafuMalindi
Nimefanya kazi ya kliniki ya watoto miaka mingi, nawaambia wazi kuwa hofu hii huja na karibu kila mama wa mtoto wa umri huo. Mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito mara tatu: aliyezaliwa na kilo 3 hufika kama kilo 9. Mwaka wa pili mzima huongeza kilo mbili au mbili na nusu tu. Mwili haudai chakula kama zamani, na wakati huohuo ndio umri wa kuogopa chakula kigeni. Mama MamaWaLangoni, kifungue kile kitabu cha mama na mtoto utazame mstari wa uzito. Ukiwa unapanda sambamba na mistari iliyochapishwa, mtoto wako anapata cha kumtosha hata kama sahani inarudi nusu.

Ninalolitilia mkazo ni chai. Chai humzuia mtoto kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga, tena inamjaza tumbo. Iondoe kabisa. Maziwa ya ng'ombe nayo yasizidi kama nusu lita kwa siku, maana mtoto anayeshinda na kikombe cha maziwa hana njaa ya chakula, na damu yake hupungua. Katikati ya milo mpe maji.

Wewe amua kipi kitapikwa, saa ngapi na mtakaa wapi. Kiasi cha kula muachie yeye. Chakula kipya huenda ukahitaji kukiweka mbele yake mara kumi, hata kumi na tano, kabla hajakikubali, na wengi wetu hukata tamaa kwenye ya tatu. Alivyosimulia BintiMkomani ndivyo hasa inavyotakiwa.

ShangaziShela
Mimi nitasema la kwetu. Sisi tumelelewa kwa uji wa kiganja. Unalazwa, kiganja kinawekwa mdomoni, unamiminiwa, ukitaka kupumua lazima umeze. Na tumekua. Watoto wa siku hizi mnawabembeleza mno.

NesiMstaafuMalindi
Dada yangu, nakuheshimu, lakini hilo la kiganja nimeliona likileta maafa. Mtoto akilia huku anamiminiwa, uji hupita njia ya hewa ukaingia mapafuni. Na anayepona hubaki akikiona kikombe analia. Mavyaa anamtakia mjukuu wake mema, sina shaka. Mpeni kazi nyingine: yeye ndiye akae karibu na mtoto siniani, ale, amsimulie hadithi.

BabaMajengo, Malindi
Mke wangu anafanya kazi ya zamu hotelini, kwa hiyo chakula cha jioni ni changu. Binti yetu alikuwa hali mpaka awekewe katuni kwenye simu. Mdomo unafunguka, lakini hajui anakula nini. Nilipoitoa simu tulilia sote kama wiki. Nilichoweka badala yake ni kazi. Anakaa na ungo, anachambua mchicha pamoja nami, majani huku, vijiti kule. Nusu yaenda chini, si neno. Ananichagulia nyanya. Embe la ngowe nikimenya, ile kokwa ni yake, aing'wenye mpaka maji yake yametapakaa uso mzima. Mtoto aliyekishika chakula kibichi hakiogopi kikija kimepikwa, mimi nimeliona kwake. Mchicha anakula ukiwa umechanganywa na mbaazi, peke yake bado.

UmmuWatatu
La mabuyu: nilimfuata mwenye duka nikamwomba kwa heshima asimpe mwanangu kitu mpaka nije naye. Na jirani vilevile. Hakukasirika mtu. Mtoto aliyekula mabuyu na kachri saa tano, saa saba hana nafasi ya wali.

Mwezi wa Ramadhani wangu hula vizuri kupita miezi yote. Nafikiri ni kwa sababu mchana hakuna mtu anayetafunatafuna mbele yake, na magharibi nyumba nzima imekaa pamoja.

MamaMokowe
Mimi naomba msome hili kwa makini, kwa sababu wangu haikuwa tabia. Nilimwacha kama mnavyosema, nikamtia siniani, nikatoa chai. Hali kitu. Rangi ikampotea kwenye viganja, na siku moja nikamkuta amejibanza nyuma ya mlango analamba chokaa ya ukuta, kidole cheupe, midomo myeupe. Nje alikuwa akila udongo. Kliniki wakampima, damu ilikuwa chini sana. Akapewa dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma, na ya minyoo. Baada ya muda akaanza kuja jikoni mwenyewe kuuliza chakula.

NesiMstaafuMalindi
Ahsante sana mama kwa kulisema hilo. Kula udongo au chokaa ni alama ya kumpeleka mtoto kupimwa, usingoje. Vilevile mstari wa uzito ukilala au ukishuka, akipaliwa kila mara anapokula, au akianza kuviacha hata vile vichache alivyokuwa akivila. Matone ya vitamini A ni kila baada ya miezi sita mpaka atimize miaka mitano, na dawa ya minyoo ni kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja. Angalieni kama mmeruka.

MamaWaLangoni
Mungu awalipe kheri nyote. Nimekitazama kitabu: mstari unapanda, lakini vitamini A ya mwisho tuliiruka, Jumatatu nampeleka. Chai nimeshamwambia mavyaa na amekubali, sharti nimpe mtoto kitu cha kula na hamri asubuhi. Mbaazi zetu zina pilipili. Nani anampikia mtoto, na vipi?

BintiMkomani
Huna haja ya sufuria mbili dadangu. Roweka mbaazi usiku, uchemshe mpaka zipondeke ukizibana kwa vidole. Tia kitunguu, chumvi kidogo na tui jepesi, likauke, kisha tui zito, usiache kukoroga. Hapo mtolee zake kwenye kibakuli kabla pilipili haijaingia. Ziponde nusu, nusu uziache nzima azichezee, na hamri mpe mkononi achovye mwenyewe.