Richard Dawson wa Newcastle: fundi au mpiga kelele? Tujadili

Nyuzi Sita (mleta mada)

Habari zenu wapenda muziki. Jambo hili lilianzia kantini, zamu ya usiku, nilipoweka wimbo kwenye simu na mwenzangu akaniomba niuzime. Akasema, "Huyu hajui kuimba, na nyinyi mnaomsifu mnajifanya tu." Neno hilo limenikaa rohoni wiki nzima, ndiyo maana nalileta hapa.

Mtu mwenyewe ni Richard Dawson, mwimbaji na mpiga gitaa wa Newcastle, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mzaliwa wa 1981. Wenye maduka humweka kwenye fungu la muziki wa asili wa Kiingereza, ingawa nyimbo zake karibu zote anazitunga mwenyewe. Gitaa lake linasikika kama linagombana na mpigaji. Sauti huanza chini kifuani, ikapanda ghafla hadi kichwani, na ikifika huko inakwaruza, mara nyingine inapasuka kabisa. Halafu nyimbo ni ndefu. Albamu yake ya 2014, Nothing Important, ina nyimbo nne tu, na mbili kati ya hizo ni za robo saa na ushei kila mmoja. The Ruby Cord ya 2022 inafunguliwa na The Hermit, wimbo wa dakika 41.

Msimamo wangu ni huu: sauti ile inapasuka pale habari inapopasuka. Ukiinyoosha, habari inakufa. Chukueni The Vile Stuff. Watoto wako kwenye safari ya shule, wamechanganya pombe za kila aina kwenye chupa ya soda, na kutoka hapo wimbo unazunguka kwenye balaa moja baada ya jingine. Kuna mahali mtu anajaribu kutoboa nazi kwa bisibisi, na bisibisi inaingia mkononi. Sisi tuliokulia kwenye nazi tunajua mkono unavyoteleza. Mwimbaji wa sauti laini angeipita habari hiyo kama kichekesho. Dawson anaipandisha juu hadi koo linakataa, nawe unaisikia nyama.

Na kuna jambo linalonigusa mimi mtu wa Kakamega. Dawson amekuwa akimtaja mpiga gitaa wa Kenya, Henry Makobi, miongoni mwa waliomfundisha kusikia, pamoja na waimbaji wa kawali, nyimbo za dini za Kisufi, wa Pakistani. Kwetu magharibi gitaa la vidole tunalifahamu: kidole gumba kinatembea na besi, cha shahada kinasema wimbo, na gitaa lenyewe mara nyingi ni la bei ya chini ambalo nyuzi zake hazitulii. Hakuna aliyewahi kumwambia mjomba wangu kwamba gitaa lake lina kasoro. Tulisema linaongea.

Udi na Ganuni

Salamu kutoka Unguja, ndugu yangu. Nimesoma kwa heshima, ila sikubali.

Mimi napiga kwenye kikundi cha taarab mwaka wa 22 huu. Kwetu mwimbaji akikosa mahadhi nusu ya nusu tu, mpiga fidla anamgeukia. Si ukali. Wasikilizaji wametoka majumbani kwao, wamevaa, wamekuja kutuzwa roho. Nimemsikiliza huyu bwana mara mbili. Gitaa limelegea, sauti inatoka nje ya wimbo inarudi, inatoka tena. Ukiniambia amekusudia, nakuuliza: nitajuaje? Maana hata mwanafunzi wangu wa juzi akikosea anaweza kuniambia amekusudia.

Swali langu ni hilo moja tu. Naomba jibu la kimuziki, lisiwe la mapenzi.

Bomba la Mvua

Nimefika dakika ya tatu nikazima. Kichwa kiliniuma.

Nyuzi Sita

@Bomba la Mvua, naomba jina la wimbo. Kama ulianza na Judas Iscariot nakuelewa kabisa. Ni gitaa tupu, na hata mimi siuwekei mgeni.

@Udi na Ganuni, swali lako ndilo lililotakiwa kuulizwa kantini siku ile. Jibu langu ni marudio. Anayekosea hakosei mahali pale pale mara tano. Kwenye albamu ya Peasant ya 2017 kuna wimbo unaoitwa Soldier. Ni askari kabla ya vita, na kiitikio chake kinasema kwamba amechoka, anaogopa, moyo umejaa hofu. Sikiliza kila kinaporudi. Ile sauti inayoyumba inayumba kwenye neno lile lile. Kisha sikiliza Ogre kwenye albamu hiyo hiyo, pale mwishoni kundi zima linapoimba pamoja naye. Huwezi kuwafundisha watu kukufuata kwenye kosa ambalo hulijui.

Nina jambo la pili, nalisema kwa adabu kwa sababu wewe ndiye mwenye nyumba. Bi Kidude, Mungu amrehemu, hakupendwa kwa ulaini wa sauti. Alipofariki 2013 watu walilia kwa ajili ya sauti iliyokwaruza. Tulisikia umri na moshi na safari zote ndani yake. Mbona kwake tulielewa?

Udi na Ganuni

Bi Kidude alikuwa ndani ya mahadhi. Sauti ilikwaruza, lakini sikio lake halikutoka hata siku moja. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye.

Hoja ya marudio naichukua. Nitaipima.

Mzee wa Santuri

Vijana, mimi nakusanya santuri tangu enzi za maduka ya River Road, na Peasant ninayo kabatini. Nitasema yangu.

Peasant ni kazi kubwa. Nyimbo 11, karibu kila mmoja umepewa jina la mtu kwa kazi au hali yake: askari, mfumaji, ombaomba, kahaba. Wote wanaishi Bryneich, ufalme wa kale uliokuwa sehemu hizo za kaskazini baada ya Warumi kuondoka Uingereza. Hakuna mfalme anayepewa wimbo. Weaver inakueleza namna rangi za nyuzi zinavyopatikana, na unanusa harufu yake. Hayo nayakubali bila ubishi.

Lakini The Hermit, hapana. Zaidi ya dakika kumi zinapita kabla mtu hajafungua mdomo. Nimeambiwa nivumilie, kwamba kwaya ya mwishoni inalipa. Nimevumilia mara mbili. Kwaya ni nzuri, kweli. Ila msanii anayenidai dakika 30 ili anipe kumi, ananidai mno.

Na kitu kinachoniudhi zaidi ya wimbo wenyewe ni watetezi wake. Ukisema hujapenda, wanasema hujaelewa. Nimeelewa. Sijapenda. Mtu ana haki ya yote mawili. Nyuzi Sita, wewe hujafanya hivyo na nakushukuru, ila wenzako wanamharibia.

Kwa asiyejua aanzie wapi, namshauri The Glass Trunk ya 2013. Pale Dawson aliingia kwenye nyaraka za kumbukumbu za Newcastle na maeneo yake, akatoka na habari za watu waliosahauliwa, akaziimba bila ala yoyote, na kinubi cha Rhodri Davies kinasikika tu kati ya wimbo na wimbo. Mmoja unamhusu Joe mshona mafarishi, mzee aliyeuawa nyumbani kwake karibu na Hexham Januari 1826, na muuaji hakupatikana hadi leo. Sauti peke yake. Nilizima taa nikausikiliza. Sikuwa na haja ya kuelezwa na mtu.

Nyuzi Sita

Shikamoo mzee. The Hermit siwezi kukulazimisha. Mimi mwenyewe niliupata nikiwa ndani ya basi, asubuhi, natoka kazini, theluji nje, sina pa kukimbilia. Huenda bila basi lile nisingeufika mwisho.

Mwalimu Ugenini

Naandika kutoka Leeds. Nataka kuuliza jambo ambalo halijaguswa.

Albamu yake ya 2019, inayoitwa 2020, imejaa watu wa chini: mfanyakazi wa ghala, karani wa serikali anayeshindwa kuendelea kuwanyima watu posho zao, wenye baa iliyoingiwa na mafuriko. Nimekwenda kwenye onyesho lake. Walionizunguka walikuwa watu wa vyuo vikuu, watu wa vitabu. Wanafumba macho kwa uchungu wa mfanyakazi wa ghala, kisha wanarudi nyumbani kuagiza bidhaa kutoka ghala lile lile. Mfanyakazi mwenyewe wa ghala hajui kama wimbo upo. Je, huku si kuuza shida za watu kwa wasio nazo? Na ule ugumu wa muziki ndio unaomfungia nje mwenye shida. Mwenzako wa kantini aliyekuomba uzime ndiye ambaye nyimbo hizi zinamhusu, Nyuzi Sita. Liangalie hilo.

Nyuzi Sita

Dada, umenigusa penyewe. Nimekaa na swali lako siku mbili.

Mimi ndiye mtu wa ghala. Sitaji la nani. Choo kiko upande wa pili. Kwenda na kurudi ni dakika saba ukitembea haraka, na skana iliyofungwa mkononi inahesabu kila sekunde ambayo hujagusa bidhaa. Usiku wa kwanza niliona chupa nyuma ya rafu, nikadhani ni maji ya mtu, kumbe ni mkojo. Dawson anayo chupa hiyo kwenye Fulfilment Centre. Ni wimbo wa dakika kumi hivi. Bidhaa zinatajwa moja baada ya nyingine kwa kasi, huruhusiwi kupumua, halafu ghafla mahadhi yanafunguka na mtu anasema kuna siku atafungua mkahawa wake mwenyewe. Niliposikia hapo niliketi kwenye ngazi za jengo letu. Mimi nataka kufungua duka la cherehani. Sijawahi kumwambia mtu kazini.

Kwa hiyo ukiniuliza kama anauza shida zangu, nasema hapana, kwa sababu alihesabu vizuri. Aliijua chupa, na aliujua pia mkahawa. Waandishi wengi wanaokuja kutuandika wanaishia kwenye chupa.

Ila juu ya mwenzangu umenishinda. Nilimwekea wimbo usiomfaa kwa saa ile. Ilikuwa saa tisa usiku, amebeba masanduku tangu jioni, nikamwekea The Vile Stuff. Juzi nilijaribu tena na Two Halves, ule wa mtoto anayecheza mpira na baba yake anamfokea kutoka pembeni kwamba yeye si Lionel Messi, atoe pasi. Mwenzangu ana mtoto wa miaka tisa, kila Jumamosi yuko kiwanjani. Hakuomba nizime. Hakusema kitu chochote, alimalizia chai yake. Sidai kwamba nimeshinda.

Mwalimu Ugenini

Asante kwa kunijibu kwa ukweli. Bado nina wasiwasi na ule ukumbi, lakini suala hilo ni la bei za tiketi na mahali maonyesho yanapofanyika, sidhani kama ni la nyimbo.

Niongeze mmoja: Jogging. Mtu aliyekuwa mshauri shuleni amepoteza kazi, wasiwasi umemkamata, anaanza kukimbia ili apone. Katikati ya wimbo familia ya Kikurdi inayoishi chini yake inavunjiwa dirisha kwa tofali. Anasema huenda ni woga wake tu, ila anahisi hali ya mtaani inazidi kuwa mbaya. Nilikuwa nimehamia nyumba mpya nilipousikia. Nilisimama dirishani muda mrefu.

Bomba la Mvua

Ndiyo, ulikuwa Judas Iscariot. Nitajaribu huo wa Messi.

Udi na Ganuni

Nimerudi. Jana baada ya mazoezi nilimwekea mpiga fidla wetu Soldier, sikumwambia ni nani wala anaimba nini. Kiingereza chake ni kidogo. Kilipopita kiitikio cha pili akaomba nirudishe. Akachukua fidla, akaanza kukitafuta kile kituo ambacho sauti inaangukia. Kwenye kinanda hakipo, kiko katikati ya funguo mbili, kama tunavyofanya kwenye bayati, moja ya mahadhi ya Kiarabu tunayotumia kwenye taarab. Alikipata mara ya tatu. Kisha akauliza, "Huyu ana msiba gani?"

Kwa hiyo marudio yapo, nayakubali. Gitaa bado limelegea kwa masikio yangu. Na hiyo The Hermit nimeianza leo asubuhi, nimefika dakika ya 19, nimeisimamisha kwa sababu ya swala. Nitaendelea jioni.