Datsun 240Z ya 1972: nianze wapi, na nibadilishe nini?

Bonde_la_Usa

Habari za jioni wakuu. Nina Datsun 240Z ya 1972, stelingi kulia, namba ya chesisi inaanza na HS30. Injini ni L24 ya asili, gia tano, kabureta mbili za Hitachi zile zenye vichwa vya mviringo. Gari lilikaa Tanga chini ya turubai miaka mingi bila kuwashwa. Sasa liko Arusha, nyumbani, kwenye banda lenye sakafu ya zege. Vifaa: mashine ya kuchomelea ya MIG, kompresa, jeki na stendi nne.

Hali yake: sakafu upande wa dereva inatoboka kwa bisibisi. Injini inazunguka kwa mkono. Pedali ya breki inazama hadi chini. Swichi ya taa kwenye stelingi imeyeyuka kidogo na kisanduku cha fyuzi kina alama za kuungua.

Nataka gari la kuendesha, si la maonyesho. Nianze na nini? Breki zipi zinaingia bila kuchonga chuma? Nibaki na platini (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili ili plagi zitoe cheche) au niende elektroniki? Halafu kila fundi anayepita hapa ananiambia nitupe L24 niweke injini ya 1JZ ya Toyota. Mnasemaje?

BatiSafi

Anza na bati, mkuu. Usinunue hata plagi kabla hujajua kama kuna gari la kutengeneza. Z haina fremu ya kujitegemea kama Land Cruiser, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Na chumvi ya Tanga haina huruma.

Sehemu zinazooza zinajulikana: sakafu zote mbili, reli mbili zinazopita chini ya sakafu, bati la chini ya betri kwa sababu ya tindikali, vizingiti vya milango, kile kipande kati ya mlango na tairi la nyuma, shimo la tairi la akiba, na pembe za chini za madigadi ya mbele. Angalia pia mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Majani yakiziba tundu la kutolea maji, maji yanakaa humo na kuoza kunaanzia ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa.

Toa viti, zulia na zile shuka za lami zilizobandikwa sakafuni kiwandani. Lami inatoka kwa hita ya upepo na patasi pana. Usiziache hata kama zinaonekana nzima, mara nyingi bati limekwisha na mguu unakanyaga lami tupu. Kisha gonga kila mahali kwa nyundo ndogo. Bati zima linalia, bovu linatoa sauti iliyokufa.

Kabla ya kukata chochote: tangi la petroli nje, betri nje, waya za altaneta zifunguliwe. Stendi zikae chini ya chuma kizima, si chini ya reli mbovu. Pima nafasi kati ya mlango na bodi juu, katikati na chini, uandike. Kisha chomelea bomba la mraba la mm 25 kukatiza uwazi wa mlango. Ukikata sakafu na kizingiti bila bomba hilo, bodi inalala katikati na mlango hautafunga tena sawasawa. Maliza upande mmoja kabisa ndipo uende wa pili, na kila hatua pima kona kwa kona.

Sakafu ya asili ni kama mm 0.8. Tumia 1.0, inachomeleka bila kutoboka ovyo. Reli, mm 1.2 hadi 1.5. Waya wa MIG uwe 0.6 na gesi iwe mchanganyiko wa argon na CO2, kwa sababu CO2 peke yake inapenya mno kwenye bati jembamba. Usivute mstari. Piga nukta, ruka sentimita tano, piga nyingine, acha ipoe mpaka uweze kuishika. Anayeharakisha hapa anapata sakafu yenye mawimbi. Pale kiwanda kilipounga kwa nukta, toboa matundu ya mm 8 kwenye bati la juu uyajaze. Katikati ya mabati yanayolaliana paka praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa, ukimaliza weka sila kwenye maungio, praima ya epoksi, na nta ndani ya reli.

Puti isizidi mm 3. Fundi akikushauri uzibe sakafu kwa faiba, mpe chai umuage.

SpanaKumiNaNne

Nakubaliana na BatiSafi kuhusu mpangilio, ila injini ipewe mafuta leo hii hata kama haitawashwa kwa miezi. Toa plagi zote sita, weka kijiko cha oili kila silinda, acha usiku kucha. Zungusha kwa soketi ya 27 kwenye bolti ya puli ya krenki, mizunguko miwili kamili. Ikikwama usilazimishe, huenda valvu imeganda.

Siku ya kuwasha: oili mpya 20W-50, filta mpya, plagi bado ziko nje, kava la valvu limefunguliwa. Piga starta mpaka geji ya oili ipande. Juu ya kemshafti (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) kuna bomba jembamba lenye matundu, na kila nundu lazima ipate oili kutoka humo. Matundu yakiwa yameziba, nundu zinalika upesi na kemshafti inakuwa ya kutupa. Watu wengi huruka hatua hii, baadaye wanalaumu oili.

Nafasi za valvu: injini ikiwa baridi, mm 0.20 za kuingiza na mm 0.25 za kutoa. Ikiwa moto, 0.25 na 0.30. Spana ni 17 na 14. Mfuatano wa moto ni 1-5-3-6-2-4.

Ukilazimika kung'oa hedi, chonga kabari ya mbao kwanza, uisukume katikati ya cheni kabla ya kufungua gia ya kemshafti. Cheni ikilegea, pistoni ya kikaza cheni inachomoka, na kuirudisha ni mpaka ufungue kava lote la mbele. Halafu ile minara inayoshika kemshafti usiifungue bila sababu. Ilitobolewa ikiwa imefungwa kwenye hedi hiyohiyo, na ukiirudisha vibaya kidogo tu kemshafti inakaza. Hedi ikichongwa, weka shimu (vipande vyembamba vya chuma) chini ya minara, unene sawa na kilichochongwa. Bila hizo cheni inalegea na taiming inachelewa.

Kabureta: inua pistoni kwa kidole, iachie. Itue na "tok". Ikisita, safisha kwa kiyeyushi na kitambaa, msasa usiukaribie. Oili ya dampa ni SAE 20. Nati ya mchanganyiko wa petroli na hewa ipandishe yote, kisha ishushe. Usawa wa bahari ungeanza na mizunguko 2 na nusu, lakini Arusha kwenye mita kama 1,400 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo anza na 2 na usome rangi ya plagi. Linganisha uvutaji wa kabureta mbili kabla ya kugusa mchanganyiko tena, vinginevyo utazunguka siku nzima.

Likizima kwenye foleni mchana na kukataa kuwaka mpaka lipoe, petroli inachemkia kwenye bomba lililo juu ya ekzosi. Livalishe kinga ya joto na uhakikishe bomba la kurudisha petroli tangini liko wazi.

Kalipa_4x4

Habari njema kuhusu breki: kalipa za Hilux 4x4 za zamani, za takriban 1979 hadi 1985, zinaingia mbele kwa mabolti yaleyale. Zina pistoni nne, za kwako zina mbili. Soma alama kwenye chuma: unataka S12-8. Zipo nyingine zimeandikwa S12W, hizo ni pana, za disiki yenye matundu ya hewa katikati. Ukifunga S12W kwenye disiki bapa ya Z, pistoni zinatoka mno pedi zikilika.

Kinga ya vumbi nyuma ya disiki lazima ikatwe au ikunjwe. Bomba gumu linaloingia kwenye kalipa linahitaji kukunjwa upya, nati yake ni M10x1.0. Bolti za kalipa kaza karibu Nm 80. Rimu za chuma za inchi 14 kwa kawaida hazigusi, ila rimu za aloi zijaribu kwanza na uzungushe kwa mkono. Pima disiki: mpya ni mm 12.5, ikifika 10.5 ni ya kutupa.

Pistoni kubwa zinataka oili ya breki zaidi, kwa hiyo pedali itashuka chini kidogo. Masta silinda ya asili ni inchi 7/8. Ile ya 15/16 ya 280ZX inarudisha ugumu wa pedali.

Ila pedali yako inayozama hadi chini inaweza kuwa ni nyuma. Silinda ya dramu ya Z ina pistoni moja, nayo yenyewe inatakiwa iteleze kwenye bati la nyuma. Ikishikwa na kutu, kiatu kimoja tu kinafanya kazi na pedali inakuwa ndefu. Fungua, safisha njia yake, paka grisi ya breki kidogo, rudisha. Dramu ni ya aluminiamu, usiipige nyundo pembeni. Ina matundu mawili ya uzi wa M8, funga bolti humo kwa zamu na itatoka yenyewe.

Oili ya breki ya DOT 4 mpya, hozi zote mpya. Kutoa hewa anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta.

Bonde_la_Usa

Asanteni sana wakuu. Kalipa_4x4, hapa Hilux za aina hiyo hazikosekani. Je, nikiweka kalipa hizo mbele, breki za nyuma hazitazidiwa, gari likageuka?

Kalipa_4x4

Swali zuri. Breki za mbele zitaongezeka nguvu, za nyuma zitabaki zilivyo, kwa hiyo matairi ya mbele yatafunga kwanza. Hiyo ni salama kuliko kinyume chake. Hakikisha tu dramu zinafanya kazi kamili na zimerekebishwa karibu. Usiondoe vali ya kupunguza presha ya nyuma kabla hujajaribu gari kwenye barabara tupu yenye vumbi.

OhmuMbili

Taa. Umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya stelingi na kisanduku cha fyuzi, ndiyo maana vimeungua. Weka relei, lakini sikiliza: kwenye Z waya wa pamoja wa taa ni chanya, na full na dim hubadilishwa upande wa hasi. Seti nyingi za relei madukani zimetengenezwa kwa gari ambalo waya wa pamoja ni hasi. Ukiichomeka hivyohivyo, taa haziwaki au fyuzi inakatika. Pima kwa mita kwenye plagi ya taa kwanza. Waya wa mm² 2.5 kutoka betri, fyuzi karibu na betri.

Platini si mbaya zikiwekwa sawa: nafasi mm 0.45 hadi 0.55, dweli (pembe ambayo platini hukaa zimefungana) digrii 35 hadi 41. Ila bushi ya distribyuta ikilika, nafasi inacheza na hakuna platini itakayokaa. Tikisa shafti kabla ya kununua chochote. Ukienda elektroniki, distribyuta ya 280ZX ya 1979 hadi 1981 yenye moduli (kisanduku cha elektroniki) ya E12-80 inaingia. Kifaa kidogo cha kuweka ndani ya distribyuta yako nacho ni sawa. Vyote viwili vinataka volti 12 kamili, kwa hiyo waya wa chanya wa kifaa usiuchukue baada ya rezista ya koili. Rekoda ya mizunguko kwenye dashibodi inasoma mkondo wa koili unaopita ndani yake, usiukate njia. Na usiache swichi "on" injini ikiwa imezimwa, utachoma moduli.

Altaneta yenye kidhibiti cha ndani ni nzuri, lakini lazima uunganishe waya kwenye plagi ya kidhibiti cha zamani na uweke dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Bila dayodi unazima swichi na injini inaendelea kunguruma. Pia ampimita ya asili inapitisha mkondo wote wa chaji, usifunge altaneta ya ampea 90 kwenye waya zilezile.

SpanaKumiNaNne

Kuhusu 1JZ: inaweza kuingia, kila kitu kinaingia ukiwa na grainda. Lakini utabadilisha mounti, gia boksi, propela, radieta, waya zote, kisha utagundua difu ya R180 haikufikiriwa kwa nguvu hizo. Unajenga gari jingine ndani ya bati lililooza. 240Z ilishinda East African Safari 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, kwa injini ya familia hiyohiyo.

Ukitaka nguvu zaidi, tafuta injini ya L28, cc 2753. Inakaa kwenye mounti zilezile na gia boksi yako inaungana. Ilifungwa hata kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980. Ukipata ya Patrol, tumia sampu (beseni la oili) na mrija wa kunyonya oili wa L24 yako, za Patrol zina umbo jingine. Angalia pistoni kabla ya kuhamisha hedi ya L24 juu yake. Pistoni bapa na chemba ndogo zinapandisha mgandamizo kupita 10:1, na injini itagonga kwa petroli ya kawaida.

BatiSafi

Nyongeza ya chini. Ukibadili bushi kuwa za poliyurethani, usiweke poliyurethani pande zote mbili za fimbo ya mbele inayozuia mkono wa chini. Fimbo inanyimwa nafasi ya kupinda na hukatika kwenye uzi. Upande mmoja uache raba.

Na pini ndefu za mikono ya nyuma, utazilaani. Katikati kuna pini ndogo ya kabari yenye nati, itoe kwanza, wengi huisahau wakapiga bure. Mimina mafuta ya kupenya siku kadhaa mapema. Usipige nyundo kwenye uzi wenyewe, ukiuvimbisha pini haipiti tena. Tumia kivutio: bomba nene lenye kipenyo cha ndani kikubwa kuliko pini, washa (pete bapa ya chuma) nzito, na nati ya M12x1.25 ya chuma kigumu, kaza taratibu ukipasha moto nyumba ya pini, si pini yenyewe. Raba za bushi zitawaka moshi, kwa hiyo fanya nje ya banda na ndoo ya maji iwe karibu.