Karatasi yangu ya maagizo imewekwa chini ya mguu wa meza, na Mfanyabiashara naye ni mchezaji

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, na yule bwana mnamjua wote, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Leo mchana, hapa Mwanjelwa, mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai, alichukua karatasi yangu ya maagizo ya Starweb, mchezo wa sayari na meli za anga unaochezwa kwa barua, akaikunja mara nne, akaisukumia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, kisha akatangaza kwamba mchezo wa barua ni vita, na anayecheza kama Mfanyabiashara amekwenda vitani kuuza vitumbua.

Karatasi yangu! Chini ya mguu wa meza!

Mchezo huo ulianzishwa na kampuni ya Flying Buffalo ya Marekani mwaka 1976, na wachezaji wake, ambao hufika 15, huchagua miongoni mwa nafasi sita. Mjenzi wa Dola hukuza viwanda na migodi, Haramia hupora, Mtume huongoa wakazi wa sayari, Mkusanyaji husaka vitu vya kale, mwenye maroboti huangamiza watu, na mimi hupata pointi zangu kwa kupeleka madini kwenye sayari za wenzangu. Ninaweza kushinda bila kumpiga mtu hata risasi moja! Bwana huyu hata akipewa mchezo wa kulima viazi ataomba kifaru kwanza. Njia za meli zangu zote nilikuwa nimezichora kwa penseli pembeni ya karatasi ile, na yeye akaikunja mara nne, ndugu zangu, na chai ikaimwagikia.

MdauWaUyole: Nilikuwepo. Aliikunja mara tatu, na lazima tukiri kwamba meza ilitulia.

Mwanzisha uzi: Mara nne! Mikunjo ninayo hapa mkononi.

DadaWaIpogolo: Pole sana, kaka, lakini huku Iringa tuna makubwa zaidi. Nacheza Diplomacy, mchezo uliotoka mwaka 1959 na kuanza kuchezwa kwa posta mwaka 1963, wenye mataifa saba na usio na dadu, ambamo kila kitu ni maneno ya barua. Mimi ni Urusi. Mwenye Uturuki aliniandikia kurasa mbili za undugu, akamsalimu hadi mama yangu, kisha majira ya vuli akaingia Sevastopol yangu.

Mwanzisha uzi: Pole, dada, lakini wako alikuandikia kwanza. Wangu alikunja tu.

MzeeWaMakambako: Sisi wa sataranji ya barua tuna shirikisho la dunia, ICCF, tangu mwaka 1951, na bado kila uzi wa michezo ya barua hututaja mwishoni, kama hapa.

Tukuyu_Mvua: Afadhali wewe, mzee wangu. Katika mchezo wangu wa barua, mimi ni meneja wa wapiganaji wa upanga. Nawachagulia silaha, mtindo na mazoezi, halafu nasubiri matokeo, na kila siku naulizwa kwa nini sipigani mwenyewe.

MdauWaUyole: Dada wa Ipogolo, hebu turudi nyuma kidogo. Manowari yako ya Sevastopol ulikuwa umeipeleka wapi?

DadaWaIpogolo: Rumania. Yeye ndiye aliyenishauri.