Mrejesho: nimechukua baiskeli ya milimita 130, si 160

Wakuu, niliwauliza nichukue baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma, ambayo gurudumu linaweza kupanda kwa milimita 120 hadi 130 shokapu ikibonyea, au ya 160. Wengi mlisema niangalie njia ninazopita kila wiki.

Nimezijaribu zote. Ya 160 inameza mawe kwenye mteremko kama hayapo, ila kupanda ilinimaliza: kila nikikanyaga pedali, nyuma inabonyea na nguvu inapotelea humo. Nikachukua ya 130 nyuma, 140 mbele.

Siku ya kwanza ilinirusharusha hadi nikaanza kujuta. Kumbe upepo ulizidi kwenye shokapu ya nyuma. Nikavaa begi langu lenye maji, nikasogeza kile kipete cha mpira kilicho kwenye fimbo ya shokapu hadi kikagusa sili (mpira unaobana fimbo inapoingilia), nikakaa kwenye baiskeli taratibu, nikashuka taratibu, ili kipete kionyeshe shokapu imebonyea kiasi gani kwa uzito wangu. Kipete kilisogea milimita 5 tu! Fimbo yangu inaweza kuingia ndani milimita 50 (msichanganye na ile 130, ambayo ni mwendo wa gurudumu), kwa hiyo nikapunguza upepo mpaka kikafika 15, yaani asilimia 30 ya hizo 50. Ikawa baiskeli nyingine kabisa.

Sasa kilima nilichokuwa nasukuma nakipanda nimekaa. Asanteni sana, hasa mlionisisitizia nijaribu kabla ya kulipa.