Intavyu ya SACCO: "Utaiwekeaje timu yako malengo?" Nijibu vipi?

Rwizi_Kando

Wakuu, habari za leo. Alhamisi nina intavyu ya usimamizi wa maafisa wa mikopo kwenye SACCO moja hapa Mbarara, timu ya watu sita. Nimedokezwa kwamba jopo halikosi kuuliza utaiwekeaje timu malengo na utajuaje kama yametimia. Nikijipima nyumbani najikuta naimba SMART (lengo liwe mahususi, linapimika, linafikika, linahusika, lina muda) herufi kwa herufi kama mtoto wa P.4, halafu maneno yananiishia. Na sijawahi kuwa bosi wa mtu kwa cheo. Nishike wapi?

Mama_Hesabu

SMART iache mlangoni. Jopo la SACCO linataka kusikia kama unaijua kazi, na kwenye mikopo kuna kipimo kimoja ambacho kila swali litakirudia: mikopo iliyo hatarini. Unachukua salio lote la kila mkopo uliochelewa zaidi ya siku 30, unaligawanya kwa salio la mikopo yote iliyo nje. Nimesema salio lote, si rejesho lililokosekana tu. Mteja anadaiwa milioni 3, hajalipa rejesho la shilingi 250,000. Siku 30 zikipita, kinachoingia kwenye hesabu ni milioni 3 nzima. Ukichanganya hapo, mhasibu aliyekaa kwenye jopo atakuwa ameshakumaliza.

Sasa lengo. Tuseme bilioni 1.2 ziko nje na 11% iko hatarini, yaani milioni 132. Ukitamka "nitaishusha hadi 7% kwa miezi sita", umesema hatarini zibaki milioni 84, kwa hiyo timu iondoe milioni 48. Kwa watu sita ni milioni 8 kila mmoja, kama milioni 1.33 kwa mwezi. Fanya hesabu hiyo kwa sauti mbele yao. Ndipo lengo linakuwa kazi ya Jumatatu asubuhi.

Ila usigawe sawasawa. Fungua orodha ya kila afisa kwanza. Mara nyingi deni bovu limelala kwa wawili watatu, pengine kwa sababu walirithi wateja wa mtu aliyeacha kazi. Ukimpa kila mtu milioni 8, mwenye deni bovu la milioni 5 hawezi kulifikia lengo hata akikusanya yote, na mwenye milioni 40 atamaliza lake mapema kisha akunje mikono.

Mtego wa pili ndio utakaokupa alama. Asilimia hiyo inaweza kushuka bila shilingi moja kukusanywa. Timu ikitoa mikopo mipya mpaka jumla ifike kama bilioni 1.9, zile milioni 132 bado ziko palepale lakini zinasomeka 7%. Au mikopo mibovu inapangwa upya, tarehe zinasogezwa, na kwenye mashine inaonekana misafi. Kwa hiyo sema wazi: lengo langu litaandikwa kwa asilimia na kwa shilingi, na kando yake nitafuatilia kiasi kilichopangwa upya kila mwezi.

Utumishi_KLA

Kwa hesabu nakubaliana na dada Mama_Hesabu mia kwa mia. Kwa SMART, hapana. Wajumbe wengi wa jopo wana karatasi ya alama mbele yao, na aliyeiandaa huenda ameweka "lengo linapimika" na "lina muda" kama vipengele. Usipoyagusa, mjumbe hana pa kuweka tiki hata kama umesema mambo mazito. Yaguse bila kuyaorodhesha.

Na kwa taarifa yako, George Doran alipoandika SMART mwaka 1981, herufi A ilihusu lengo kuwa na mtu aliyekabidhiwa. Hili la "linafikika" tunaloimba darasani lilikuja baadaye. Ile ya mwanzo inakufaa zaidi, maana swali la nyongeza linalokuja karibu kila mara ni "nani atawajibika lisipotimia?"

Muda: dakika mbili na nusu. Sekunde 20 za hali ilivyo, dakika moja na nusu za utakachofanya hatua kwa hatua, zinazobaki ni ufuatiliaji na utakachofanya mambo yakienda kombo. Watu wengi hufanya kinyume, wanatumia dakika mbili kueleza taasisi ilivyo. Jopo linalijua hilo tayari.

Sehemu inayosahaulika ni kuishirikisha timu. Usiseme "nitawapa malengo". Sema utakaa na kila afisa dakika 30 na orodha ya wateja wake mezani, yeye ataje kiasi anachoona kinakusanyika, wewe ulete kiasi ambacho taasisi inahitaji, kisha mzungumzie pengo lililopo katikati. Wakikuuliza "akikataa?", jibu lisiwe la kumtisha. Muulize ni wateja gani hasa anaowaona hawalipiki na kwa nini. Akikutajia mteja aliyefariki, mteja aliyehamia Kampala na mteja ambaye dhamana yake ina kesi ya ardhi, basi hajakataa kazi, amekupa taarifa, na lengo lake linarekebishwa. Akibaki na "haiwezekani" tupu, lengo linabaki, na mnakubaliana ni msaada gani anahitaji kutoka kwako.

Maziwa_na_Matoke

Ongezeni na majira, jamani. Wakopaji wengi wa huko ni wafugaji na wakulima. Kiangazi cha Juni hadi Agosti maziwa hupungua. Mihula ikifunguliwa, kuanzia Februari, karo humeza pesa yote ya nyumbani. Lengo lililogawanywa sawa kwa miezi 12 litaonekana limefeli kila karo inapoingia, hata kama timu inachapa kazi. Waambie utaweka viwango tofauti kwa kila robo ya mwaka, na uulize mwaka wao wa hesabu unaanza lini. Wa serikali unaanza Julai 1, lakini SACCO inaweza kuwa na wake.

Jingine. Asilimia ya mwisho wa mwezi ni maiti, imeshatokea. Timu inahitaji kipimo cha wiki ambacho mtu anaweza kukishika. Gawa madeni kwa umri: siku 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Kisha lengo la wiki liwe kwenye fungu la kwanza: kila aliyekosa rejesho apigiwe simu siku ileile, atembelewe kabla ya siku ya tatu kuisha, na uhesabu ni wangapi waliovuka kuingia fungu la pili. Deni la wiki moja linadaika kwa mazungumzo. La miezi minne mteja ameshajizoesha kuishi bila kulilipa. Maafisa wengi hukimbizana na yale makubwa ya zamani kwa sababu ndiyo meneja anayoyapigia kelele, na huku machanga yanakomaa.

Wakikuuliza hatari ya malengo makali, unaweza kutaja benki ya Wells Fargo ya Marekani. Mwaka 2016 ilitozwa faini ya dola milioni 185 baada ya wafanyakazi waliobanwa na malengo ya mauzo kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Taja kwa sentensi moja, kisha rudi Mbarara.

Rwizi_Kando

Mweebare sana. Sasa nieleweshwe hili moja: wakiuliza "tupe mfano wa malengo uliyowahi kuiwekea timu", nami sina timu ya kutaja?

Utumishi_KLA

Usibuni timu, ssebo. Swali la pili litakuwa "mlikuwa wangapi, na aliyekuwa nyuma ulimfanyaje?" na uongo utakatikia hapo. Kuongoza bila cheo kunahesabika: kuwaelekeza wanafunzi wa mafunzo kazini, kuratibu zoezi la kuhakiki mafaili, kuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba. Ilimradi useme namba tatu: mlianzia wapi, mlitaka kufika wapi, mliishia wapi. Mkiishia pungufu, sema pungufu, kisha sababu na ulichobadilisha. Kama kweli hakuna kabisa, sema hujaongoza timu rasmi na uombe ueleze utakavyofanya hapa.

Mama_Hesabu

Na ukifika hapo, jibu liende hivi, kwa maneno yako na kwa Kiingereza chako, maana intavyu yenyewe haitakuwa ya Kiswahili:

"Wiki mbili za kwanza sitatangaza namba yoyote. Nitachukua orodha ya mikopo kwa umri wa deni na kwa kila afisa, na nitalinganisha mafaili kumi ya kila mmoja na kilichoko kwenye mashine. Wiki ya tatu nitakaa na kila afisa tukubaliane kiasi chake kwa robo ya kwanza, kwa shilingi. Kila Jumatatu tutakutana dakika 20 na ukurasa mmoja: waliokosa rejesho wiki iliyopita, waliotembelewa, waliovuka siku 30. Afisa akiwa nyuma wiki mbili mfululizo, nitatoka naye kwenda kwa wateja kabla ya kumwandikia barua. Mwisho wa robo namletea meneja asilimia, shilingi na mikopo iliyopangwa upya, vyote kwenye ukurasa mmoja."

Lisome kwa sauti na saa mkononi. Likizidi dakika moja na nusu unatafuna maneno polepole mno. Halafu wakikupa nafasi ya kuuliza, waulize: mikopo iliyopangwa upya mnaihesabu kama mizima kuanzia siku ya kupangwa, au baada ya marejesho kadhaa? Angalia ni nani kwenye jopo atakayeinua kichwa.