Nadharia tatu kwenye utafiti wa unyakuzi wa simu Nakuru: nipunguze au nibadilishe maswali?

Njoro_Mwaka4
Wadau, naandika pendekezo la utafiti kuhusu unyakuzi wa simu katikati ya mji wa Nakuru na mitaa ya Kaptembwo na Rhonda. Sura ya pili ina wanasosholojia Durkheim, Merton na Becker, kila mmoja na ukurasa wake. Msimamizi anasema nadharia zimekaa tu pale, hazifanyi kazi. Hojaji ina maswali 42 na kweli hakuna hata moja lililotoka kwao. Nianzie wapi?

Mtafiti_Kondele
Anzia kwenye swali. Unataka kueleza kwa nini mtu fulani ananyakua, kwa nini mtaa fulani una visa vingi, au kwa nini simu zinakwenda pale stejini saa moja jioni na si saa nne asubuhi? Kila swali lina wenyewe.

Merton (1938) anaeleza shinikizo: jamii inamhimiza kila mtu atafute mali, ilhali njia halali zimefunguliwa wachache. Ni hoja nzito, lakini haitakuambia kwa nini stejini na si sokoni. Kwa hilo nenda kwa Cohen na Felson (1979): mwenye nia, windo linalofaa, na kukosekana kwa mlinzi, vikikutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hapo unachohesabu ni tukio, si mtu. Kwa kila tukio jaza saa, mahali, mwathiriwa alikuwa anatembea au ameketi dirishani kwenye matatu, simu ilikuwa sikioni au mfukoni, taa ya barabarani ilikuwa inawaka au la, mnyakuzi alikuja kwa miguu au kwa pikipiki, na nani alikuwa karibu: hoka, watu wa boda, askari.

Usitegemee OB (daftari la matukio la polisi) peke yake. Anayetaka abstrakti (hati ya polisi ya kuthibitisha upotevu) ya kitambulisho kilichokwenda pamoja na simu anaweza kusema tu "vimepotea" ili amalize haraka, na unyakuzi ukaandikwa upotevu. Hoji waathiriwa pia. Maswali 42 yatashuka yenyewe hadi 15 hivi.

Mama_Pembeni
Nakubaliana na Kondele, ila Njoro asimtupe Becker (1963) jalalani. Kwa Becker, kosa ni jina ambalo jamii inakibandika kitendo na mtu. Njoro amekosea mada tu. Anayetaka kumwona Becker akifanya kazi aangalie chang'aa, pombe kali ya kienyeji, huku Kisumu. Hadi 2010 ilikuwa na sheria yake ya kuipiga marufuku. Sheria ya vileo ya mwaka huo ikafuta ile ya zamani, ikairuhusu kwa mwenye leseni anayefuata viwango. Baa nazo zikapangiwa saa: siku za kazi, saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Bia ya saa tisa mchana ikawa kosa, na bia ni ileile.

Mama pima (muuza chang'aa) bado anapika: kangara (mchanganyiko uliochachushwa) ya sukari nguru kwenye pipa, mrija, maji ya kupoza. Sutherland, mwanasosholojia mwingine, angeuliza alifundishwa na nani, kwa maana kwake mtu hujifunza ufundi pamoja na sababu za kuuhalalisha ("ni ya karo"). Becker angeuliza msako ukija ni nani anashikwa na nani anaarifiwa mapema. Mpishi ni yuleyule, ila madaftari mawili ya utafiti hayafanani hata kidogo.

Njoro_Mwaka4
Asanteni. Na nikitaka kulinganisha Kaptembwo na Rhonda?

Mtafiti_Kondele
Basi umeingia kwa Shaw na McKay (1942). Waliona Chicago kwamba mitaa fulani ilibaki na visa vingi hata wakazi walipobadilika kabila kwa kabila. Sampson na wenzake (1997) wakapima kinachoendelea ndani: walihoji watu 8,782 katika mitaa 343, wakauliza kama jirani angeingilia kati akiona watoto wametoroka shule. Wewe una mitaa miwili. Hiyo haikupi takwimu za kulinganisha mitaa, inakupa maelezo tu. Gawanya kwa ploti au vijiji vya mtaa upate angalau 20, na uulize mpangaji amekaa hapo miezi mingapi.

Swali la "jirani angeingilia kati?" usilinakili lilivyo. Kwetu kuingilia kati kunaweza kuwa kumpigia chifu simu, au kumpiga mshukiwa mawe na kutafuta tairi. Ukiyaweka yote chini ya "ndiyo", mtaa unaoua washukiwa utaonekana una mshikamano bora kuliko wote. Uliza: angefanya nini hasa?

Mama_Pembeni
Na visa vingi vya kukamatwa Kaptembwo visikufanye useme vijana wa Kaptembwo ni wezi. Takwimu ya mtaa haimsemi mtu mmoja, na kukamatwa kunapima pia doria zinapita wapi.

Kabla ya kutoka na hojaji: kibali cha kamati ya maadili ya chuo, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kisha ujitambulishe kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu. Majina ya wahojiwa yasiingie kwenye fomu, tumia namba.