Nyama yangu inatoka kama mpira wa ndala, na mzee anakuja tena Jumamosi

BintiWaMakambako
Habari za jioni wakuu. Chekeni kwanza mmalize, halafu mnishauri.

Mzee wangu alikuja Dar mwezi uliopita kutoka Njombe, kliniki ya macho. Ana miaka 74, magego yameshaondoka karibu yote. Nikaenda bucha nikachukua kilo nzima ya steki, nikaongeza na hela ili nisiwekewe mfupa hata mmoja. Nikapika saa moja na nusu kwenye gesi, moto wa juu kabisa, maji yakikauka naongeza. Mezani mzee akala wali, akamaliza mchuzi, akashukuru. Naenda kutoa vyombo, nakuta vipande saba vya nyama kavipanga ukingoni mwa sahani, vyote vimetafunwa vikashindikana. Hakusema neno. Bora angesema.

Anarudi Jumamosi. Nataka mchuzi mzito, nyama ukiigusa na kijiko inaachia. Presha kuka sina na sitaki, ya jirani yangu ilirusha kifuniko mpaka dari. Nina jiko la gesi la mtungi mdogo na jiko la mkaa. Nakosea wapi?

Kijana_Mbagala
Tupia panadol mbili, nusu saa tu imeiva.

MamaSalha
Kijana, utani mwingine una watu watakaoufanya kweli. Dawa haigeuki kiungo kwa sababu imeingia sufuriani. Anayekula hajui kameza kiasi gani, na ikizidi inaharibu ini. Na huyu ni mzee, pengine ana dawa zake anazotumia. Dada, pita hapo kama hujaona.

Kijana_Mbagala
Nimetubu mama.

MkataNyama
Nipo nyuma ya gogo la bucha mwaka wa 19 huu. Dada, ulikosea kabla hujawasha jiko. Steki ni ya kukaanga au kuchoma haraka. Ukiitokosa muda mrefu inabaki nyuzi kavu, haina cha kuyeyuka. Kwa mchuzi wa kukaa motoni omba muundi, shingo, kidari au mkia. Ule utando mweupe ambao wateja wananiambia "toa hiyo" ndio wenye kazi. Ni kolajeni. Ikipata moto mdogo kwa saa kadhaa inayeyuka inakuwa jelatini, na ndiyo inayofanya mchuzi uliolala kwenye friji uamke umeganda kama jeli.

Na usinunue Jumamosi asubuhi. Nyama ya asubuhi mara nyingi imechinjwa usiku uleule, misuli bado imekaza. Nunua Alhamisi, ilaze kwenye friji (si friza), Jumamosi itakuwa imeshalegea. Ng'ombe wetu wengi ni wa kuchungwa, wametembea sana hao kabla ya kufika mnadani Pugu. Utamu wanao, lakini hawataki haraka.

BintiWaMakambako
Kumbe nililipa zaidi ili niharibu zaidi! Huyo wa bucha si atanishangaa, mwezi uliopita steki, leo muundi?

MkataNyama
Atakuheshimu. Mwambie akate mapande makubwa, kama ngumi ya mtoto, na mfupa wake wenye uboho. Vipande vidogo vinasinyaa, unabaki unavitafuta na kijiko.

Shangazi_wa_Pangani
Mwanangu, nyama umeshaelekezwa, sasa moto. Maji yakichemka kwa fujo nyama inajikunja na kukaza. Yanatakiwa yatokote taratibu, kiputo hapa, kiputo pale.

Kilo moja ya muundi, ifute maji, ikaange na mafuta kidogo mpaka iwe na rangi. Usiijaze sufuria yote kwa mkupuo, itatoa maji ianze kujichemsha. Itoe. Mafuta hayohayo weka vitunguu vitatu na chumvi, uvipike mpaka vilegee viwe kahawia. Tangawizi na kitunguu saumu vya kutwanga, bizari nyembamba kijiko kidogo, mdalasini kijiti kimoja, pilipili manga. Nyanya nne, zikaange mpaka mafuta yajitenge. Hapo ndipo watu wengi wanakimbilia maji na mchuzi unabaki na harufu ya nyanya mbichi. Rudisha nyama, maji ya moto yafike usawa wake tu, funika. Saa tatu. Karoti na viazi viingie dakika 40 za mwisho.

Fundi_Sufuria
Naongezea. Hayo majiko ya mtungi mdogo hata ukipunguza mpaka mwisho bado moto ni mkali. Weka chuma cha chapati juu ya jiko, sufuria juu ya chuma, joto linasambaa haliungulizi sehemu moja. Ila kwa saa tatu mimi ningetumia mkaa: ukishashika vizuri, ufunike na majivu, uuache. Nje au penye hewa, usiuingize ndani ukafunga madirisha.

Mwl_Fizikia
Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ndiyo maana huko maharage yanakaa jikoni nusu ya siku. Bila shaka mama zenu walishazoea kuiacha nyama motoni muda mrefu, na mzee anakumbuka nyama ya namna hiyo.

BintiWaMakambako
Mwalimu umenigusa. Mama alikuwa anabandika asubuhi tukienda shambani.

Kijana_Mbagala
Papai bichi je? Hilo si dawa jamani.

MkataNyama
Papai linalainisha kweli, ila ukizidisha nyama inakuwa uji kwa nje. Kwa mishikaki sawa. Kwenye saa tatu za moto halina kazi.

MamaSalha
Kama Jumamosi una pilika, pika Ijumaa. Ikipoa weka kwenye friji, asubuhi mafuta yameganda juu, unapunguza kwa kijiko, unachemsha tena vizuri. Siku ya pili ndiyo mtamu.

BintiWaMakambako
MREJESHO. Nimepika Ijumaa usiku, muundi, mkaa na majivu. Saa ya kwanza nikaonja, ngumu vilevile, nusura nilie. Saa ya pili bado. Nikajizuia nisichochee mkaa. Ilipokaribia saa tatu nikachomeka mwiko, nyama ikajitenga na mfupa yenyewe. Viazi viwili vimevurugika, sijali.

Leo mchana mzee kakaa mezani, kaitazama sahani kama mtu anayekagua. Kala kimya. Nikajifanya nina shughuli na jagi la maji. Mara nasikia ko, ko, ko. Anagonga mfupa kwenye sahani, anatoa uboho. Kisha akaniuliza, "Mwingine upo?"

Kijana_Mbagala
Na ulikuwepo mwingine?

BintiWaMakambako
Ulikuwepo mmoja, nilishauficha uwe wangu. Nimempa.